Spika za Sony, resiva ya Yamaha, sabufa ya Kariakoo: nini kinakubali kuchanganywa na nini kinagoma

Ukikaa kwenye duka lolote la muziki pale Kariakoo, iwe mtaa wa Aggrey au Msimbazi, haupiti muda kabla hajaja mtu na swali lile lile: mashine ya homu thieta yangu ya Sony imekufa ila spika zote nzima, nikinunua resiva ya Yamaha, yaani ile mashine ya kuendesha spika inayouzwa peke yake, zitapiga? Au, nina ya Samsung na shemeji kaniachia ya LG, naweza kuziunga zikapiga kwa pamoja? Muuzaji atajibu "zinakubali bosi, kila kitu kinakubali", mana anataka kuuza, na fundi wa pembeni atajibu usithubutu kuchanganya kampuni utaunguza kila kitu. Wote wawili wana nusu ya ukweli, na ndo mana watu wanaishia na maboksi matatu sebuleni na sauti ya redio ya mkulima.

Jina la kwenye kava sio tatizo hata kidogo. Umeme unaotoka kwenye resiva haujui kama spika imetengenezwa Japani au na seremala wa Keko. Kinacholeta mgogoro ni ohm (kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme), ni ule uwezo wa spika kutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo, na zaidi ya vyote ni hizi seti za boksi moja ambazo mtengenezaji kazifunga makusudi zisiongee na mtu wa nje. Kwaiyo hapa silinganishi Sony na LG nani zaidi, nalinganisha njia za kuchanganya, ipi inalipa na ipi inakula hela bure.

Homu thieta mbili kwa mpigo

Naanza na hii mana ndo ya kwanza watu wanaijaribu, vitu tayari vipo ndani, hununui chochote. Tivi moja, homu thieta mbili, moja unaichomeka HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa sauti ya tivi) nyingine waya wa optiko, zote zinalia. Shida inakuja pale mtu anapoongea, unasikia neno mara mbili mbili kama mtangazaji yupo ndani ya simtank. Kila mashine inachukua muda wake kuchakata sauti na mashine za kampuni mbili hazilingani, sasa tofauti ikishafika kama milisekunde 30 hadi 50 hivi sikio linaanza kuzitenganisha. Moja ukiiunga kwa Bluetooth ndo balaa zaidi, mana Bluetooth ya kawaida inachelewa milisekunde 100 hadi 200, hata midomo ya watu kwenye tivi haiendani na maneno.

Dawa ipo, ya nusu nusu. Toa sauti kwenye tundu la hedifoni la tivi, igawanye kwa waya wa Y, peleka kwenye AUX ya zote mbili. Ucheleweshaji unapungua sana lakini hapo umeshapoteza 5.1 yote (spika tano na sabufa kila moja na sauti yake), umebaki na stirio tu, na spika za nyuma zinakopi za mbele. Baadhi ya mashine zina setingi ya kuchelewesha sauti, ile ya A/V Sync, unaichelewesha ile inayowahi mpaka zikutane, kazi ya kukaa na remoti unasikiliza mtu anapiga makofi kwenye video.

Na faida yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani. Ukiongeza mashine ya pili yenye nguvu sawa, nguvu imekuwa mara mbili lakini hiyo ni desibeli 3 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati sikio la binadamu linahitaji kama desibeli 10 ndo liseme hapa sauti imekuwa mara mbili. Kwa shughuli ya kipaimara ambapo moja ipo ndani nyingine barazani, sawa, fanya. Kwa kuangalia muvi hapana.

Spika za seti kwenye resiva ya kampuni nyingine

Hapa ndo penye mtihani wenyewe. Geuza spika ya seti nyuma usome kibandiko. Seti nyingi za Sony na Samsung za enzi za DVD utakuta 3 ohm, LG nyingi 3 au 4. Sasa geuza resiva, Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer, yoyote ile, pale zinapoingia waya za spika pameandikwa 6 ohm kwenda juu, au 8 kwenda juu. Hiyo sio mapambo. Kwa volti ile ile, ohm zikishuka nusu mkondo unapanda mara mbili, kwaiyo resiva iliyotengenezwa kubeba spika ya 6 inakuta imebebeshwa mzigo mara mbili kwenye kila chaneli. Kwa sauti ya taarifa ya habari itapiga tu na hapo ndo watu wanadanganyika, mbona inapiga. Subiri jumamosi, muvi ya mabomu, voliumu imepanda, joto la Dar la mwezi wa pili na resiva imebanwa ndani ya kabati la tivi halina hata tundu la kupumua: inazima yenyewe na kuandika PROTECT. Hiyo ni ikiwa na bahati. Isipokuwa na bahati transista za kutolea sauti zinaondoka na bei ya kutengeneza inakaribia bei ya kununua nyingine used.

Baadhi ya resiva zina setingi ya kuchagua 4, 6 au 8 ohm. Wengi wanaiona kama mkombozi. Kinachofanyika pale ni resiva kupunguza nguvu inayotoa isichemke, spika yako bado ni 3 ohm vile vile.

Kama spika za seti unazo na hutaki kuzitupa, kuna ujanja unaofanya kazi: unga mbili mbili kwa mfululizo. Waya mwekundu wa resiva uende kwenye nyekundu ya spika ya kwanza, nyeusi ya kwanza iende kwenye nyekundu ya pili, nyeusi ya pili irudi resiva. 3 na 3 zinajumlika zinakuwa 6, resiva inaridhika. Ila ziwe spika mbili zinazofanana, ukiunga ya Sony na ya LG kwa mfululizo zitagawana umeme bila usawa na moja itanyonywa. Ukikosea ukaziunga sambamba badala ya mfululizo zinakuwa ohm 1.5, hapo umeiua resiva kwa mkono wako.

Zile plagi za plastiki za rangi zilizoko kwenye waya za seti hazitaingia kwenye resiva, unazikata unakwangua waya. Tatizo ni kwamba ukishazikata hujui tena upi mwekundu upi mweusi, mana waya zote mbili zinafanana na mstari wenyewe umeshafutika. Chukua betri moja ya remoti, ile ya 1.5V, gusisha ncha za waya sekunde moja tu huku unaangalia koni. Ikitoka mbele, upande uliogusa chanya ya betri ndo mwekundu. Ikirudi ndani umegeuza. Sauti yake ni "tup" ndogo tu. Usipuuzie hili, spika mbili za mbele zikigeuzana moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea chumba kizima na mtu anaanza kuilaumu resiva. Fanya kwenye koni kubwa, twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, peke yake usiiguse na betri.

Afu kuna suala la ukubwa. Kile kispika cha seti kina koni ya inchi 2 na nusu au 3, kilitengenezwa kisipewe besi kabisa, mashine yake ndo ilikuwa inaichuja. Resiva haijui hilo mpaka uiambie. Ingia kwenye menyu ya spika weka Small, na ile sehemu ya krosova, inapokatwa besi iende kwenye sabufa, panda mpaka 150 au hata 200 Hz, sio 80 ile ambayo kila mtu anaisifia. Ukiiacha Large, kispika kitapewa ngoma ya singeli yote na kitapasuka wiki hiyo hiyo.

Kyubu za Bose ndo mfano mbaya zaidi kwenye hili. Zile ndogo ndogo za Acoustimass zilitengenezwa zipitie kwenye lile boksi lake la besi, uchujaji wote unafanyika mule. Jamaa anauziwa kyubu tano bila boksi, bei nzuri, jina kubwa, anaziunga moja kwa moja kwenye resiva, sauti inatoka nyembamba na wakati mwingine zinaungua. Kyubu za Bose bila boksi lake usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kwaiyo kwa kulinganisha: spika za seti kwenye resiva nazikubali kwa kazi ya nyuma tu, tena zikiwa zimeungwa vizuri. Mbele hapana.

Kinyume chake: mashine ya seti, spika kubwa za kampuni nyingine

Hii ni salama kuliko ile ya juu na watu hawaijaribu sana. Una mashine ya Sony ya 3 ohm, unapata spika za rafu za 8 ohm. Mashine haitachemka, tena itafanya kazi kwa raha mana mzigo umekuwa mwepesi. Unachopoteza ni wati, kwa volti zile zile spika ya 8 inapokea chini ya nusu ya ile ya 3. Lakini spika kubwa mara nyingi inatoa sauti zaidi kwa wati hizo hizo kuliko kile kikopo, kwaiyo mwisho wa siku hupotezi sana, na sauti ya mtu inakuwa na kifua.

Ila usitegemee besi kutoka kwenye hizo spika kubwa. Mashine ya seti inachuja besi kabla haijatoka kwenye chaneli za mbele, inadhani bado ina vile vikopo vyake, na menyu nyingi hazikupi nafasi ya kuibadilisha. Umenunua spika yenye wufa (koni ya besi) ya inchi 6 na nusu na wufa inakaa bure. Kama njia ya kusogeza siku mpaka upate resiva, nzuri sana. Kama ndo mpango wa kudumu, hapana.

Na wati za kwenye boksi msinikumbushe. Seti imeandikwa 1000W kwa maandishi ya dhahabu, ukigeuza nyuma kibandiko cha umeme kinasema inakula wati mia na kitu. Zile 1000 zilipimwa kwa sauti moja tu ya 1 kHz, kwenye 3 ohm, na uchafu wa asilimia 10 ndani ya sauti, wakati resiva ya 70W inapimwa mara nyingi kwa uchafu chini ya asilimia moja. Hizo za PMPO, wati za kilele za kuuzia boksi, ndo usizisome kabisa.

Resiva, na spika za kila kampuni

Hii ndo njia ninayoipenda na ndo inayoruhusu kuchanganya kihalali, ila sio ovyo. Spika tatu za mbele, kushoto, kulia na senta (ya katikati), ziwe za familia moja. Sio kampuni moja tu, familia moja, mana spika ya Sony ya kwenye seti na ile ya rafu ya Sony SS-CS5 hazifanani sauti kwa lolote zaidi ya nembo. Sababu utaisikia mwenyewe: ingia kwenye menyu ya resiva washa ile toni ya majaribio, inatoa "shhhh" inayozunguka spika moja hadi nyingine. Kwenye spika za familia moja inabaki "shhhh" ile ile inahama tu. Kwenye spika zilizochanganywa kushoto inasema "shhhh", senta inasema "hhhhh", kulia inarudi "shhhh". Sasa gari kwenye muvi likipita kutoka kushoto kwenda kulia, katikati ya skrini linabadilika injini.

Hukupata senta ya familia ile? Usiweke yoyote. Nenda kwenye menyu, senta weka None, resiva itachukua maneno yote iyagawanye kushoto na kulia na ukikaa katikati utasikia mtu anaongea kutokea kwenye tivi. Senta mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na senta, mana maongezi mengi ya muvi yanapita pale.

Nyuma changanya tu. JBL mbele, Sony nyuma, hakuna atakayejua, sauti za nyuma nyingi ni mvua, ndege, watu wanashangilia. Hapa kinachoangaliwa ni desibeli. Kwa takwimu za watengenezaji wenyewe Klipsch RP-600M inatoa desibeli 96 kwa kipimo cha kawaida, KEF Q150 inatoa 86. Tofauti ya 10 hiyo maana yake KEF inahitaji wati mara 10 ili ifikie sauti ile ile. Ukiziunga pamoja bila kurekebisha, Klipsch itaimeza KEF yote. Resiva nyingi zinakuruhusu kupandisha au kushusha kila chaneli kwa desibeli 10 au 12 kila upande, kwaiyo inawezekana, ila sheria ndogo: ile inayokula umeme mwingi isiwe mbele kwenye resiva dhaifu.

Kazi ya kulinganisha inafanywa na maiki inayokuja na resiva. Denon na Marantz wanaita Audyssey, Yamaha ni YPAO, Pioneer MCACC, Sony DCAC. Resiva used nyingi zinauzwa bila hiyo maiki, na kwa mtu anayechanganya spika maiki ina thamani kuliko remoti, remoti utapata ya kwenye simu. Uliza kabla hujatoa hela. Na uifanye mapema asubuhi, mana bodaboda ikipita dirishani au jirani akiwasha singeli mashine inahesabu na hiyo. Ukikosa maiki pima kwa futi ya fundi umbali wa kila spika hadi kwenye kochi uingize mwenyewe, sauti inatumia kama milisekunde 3 kwa kila mita, na mengine rekebisha kwa sikio kwa ile "shhhh".

Kukaa kwake: mbele ziwe nyuzi 30 kila upande ukiwa kwenye kochi, za nyuma ziwe pembeni kidogo nyuma ya masikio, nyuzi 100 hadi 120. Sebule zetu nyingi kochi limegusa ukuta, basi za nyuma ziweke ukutani pembeni juu kidogo ya kichwa, usizibandike nyuma ya kisogo.

Mabano kidogo hapa: kama unachoangalia ni muvi zilizotafsiriwa na mechi za Simba na Yanga, nyingi zinakufikia kwa stirio tu. Resiva itazisambaza kwenye spika tano kwa kukisia. Mtu wa hivyo hela ya spika za nyuma aiweke kwenye mbili za mbele nzuri.

Sabufa

Ukitaka kuchanganya kampuni bila kuumiza kichwa, anzia hapa. Chini ya 80 Hz sikio halijui sauti inatokea wapi, ndo mana THX, wale wa viwango vya sauti za sinema, walichagua namba hiyo, na ndo mana sabufa ya kampuni yoyote inakaa na spika za kampuni yoyote. Masharti ni kwamba iwe na amplifaya yake ndani na tundu la RCA, resiva inatoa sauti kwenye SUB OUT inaingia kwenye tundu la LFE la sabufa, umemaliza. Kwenye sabufa yenyewe kile kitufe cha kuchuja kizungushe mpaka mwisho, kazi ya kuchuja muachie resiva. Kama mbele umeweka vikopo vilivyokatwa 150 au 200 Hz sabufa isikae kona ya mbali, hapo sikio linaanza kuijua ilipo, iweke chini karibu na tivi.

Sabufa ya kwenye seti ni hadithi nyingine. Ile haina amplifaya, inakuja na waya wa spika, 3 ohm, inategemea mashine yake. Kuichomeka SUB OUT haitatoa hata mlio, kuiunga kwenye chaneli ya spika ya resiva ni kurudi kwenye ule mtihani wa ohm. Unahitaji amplifaya pembeni inayobeba ohm hizo, na kwa hela hiyo bora utafute sabufa yenyewe.

Halafu kuna hii ya kwetu ambayo wazungu hawana: sabufa za Kariakoo, zile Sea Piano, Aborder, Ailyons na ndugu zao, boksi kubwa lenye taa, USB, redio na vispika viwili vitatu. Karibu kila nyumba ipo. Ndani yake kuna amplifaya na mchujo wa besi tayari, kwaiyo chukua SUB OUT ya resiva, igawe kwa waya wa Y iingie kwenye tundu zote mbili za AUX, chomoa vile vispika vidogo, tayari una sabufa inayojitegemea. Ukilinganisha na sabufa ya kweli ya inchi 10 haiwezi, besi yake ni ya "bum" moja ile ile kila wimbo na ikifika mapigo ya chini kabisa ya muvi inakohoa. Lakini ukilinganisha na kukosa kabisa, ni bora mara mia. Kero yake ni kwamba umeme ukikatika ukirudi nyingi zinajirudisha kwenye Bluetooth na voliumu yake ya kiwandani, unaangalia muvi nusu saa ndo unagundua besi haipo. Na voliumu yake ikishalingana na spika zingine weka alama kwa kalamu au kumbuka namba, mtoto atazungusha.

Mtu anayetaka kuongeza sabufa kwenye homu thieta ya boksi isiyo na SUB OUT, anaweza kutumia sabufa yenye tundu za kuingiza waya za spika moja kwa moja. Tahadhari: mashine nyingi za seti waya mweusi sio graundi, nao una umeme, ukiuunganisha na bodi ya sabufa unaweza kupiga shoti. Tumia kile kigeuzi chenye transfoma ndani kinachouzwa kwa mafundi wa redio za gari, unaunga waya za spika upande mmoja upande wa pili inatoka RCA. Kiwe chenye transfoma, vipo vya bei chee visivyo nayo na kwenye kazi hii havifai.

Saundbaa

Kwa tivi na saundbaa za kampuni tofauti hakuna shida, LG na Sony zinaongea kupitia HDMI ARC tangu HDMI 1.4 ya mwaka 2009. Hakikisha tu umewasha HDMI-CEC, ile inayofanya vifaa viwasiliane kupitia HDMI, mana kila mmoja kaipa jina lake: Samsung ni Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync, kitu ni kile kile. Unachokosa ni manjonjo, mfano Q-Symphony ya Samsung inayofanya tivi na saundbaa vilie pamoja inataka vyote viwe Samsung.

Shida ni kuongeza. Spika za nyuma zisizo na waya na sabufa yake vinaongea lugha ya ndani ya ile kampuni, tena ya modeli zile tu zilizotajwa kwenye kijitabu. Sabufa ya saundbaa ya LG haitashika kwenye saundbaa ya Samsung hata ufanyeje. Kwaiyo ukiona mtu anauza "sabufa wayalesi" peke yake bila saundbaa yake, pita. Kwa mtu wa chumba na sebule Sinza au Mwananyamala, ukuta mmoja na jirani, saundbaa kamili ya boksi moja ndo jibu na asijisumbue na kuchanganya. Kwa mtu anayejijua kila mwaka ataongeza kitu, saundbaa ni ukuta.

Kabla hujatoa hela

Resiva used ukigeuza nyuma ukaona AC 100V imetoka Japani, ikiwa 120V ya Marekani. TANESCO wanatupa 230. Ukiichomeka ukutani hivi hivi inaondoka hapo hapo, na stebilaiza ya friji haisaidii, unahitaji transfoma ya kushushia yenye wati za kutosha, hesabu bei yake kwenye bei ya resiva ndo ulinganishe na ile ya 230 iliyoonekana ghali.

Spika used, vua kava uguse kwa kidole ile rimu inayozunguka koni. Ya raba inavumilia. Ya sponji kwa joto na unyevu wa Dar inapukutika kama keki, hasa zilizokaa Kigamboni au Mbezi Beach, na inaweza kupiga vizuri dukani kwa sauti ndogo kabla haijachanika nyumbani. Fundi anaweka mpya, sio kesi, ila bei ishuke. Beba na mita: spika ya 8 ohm itasoma kama 6 hadi 7, ya 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma 3 na nyuma imeandikwa 8, huenda mtu amebadilisha wufa.

Waya kwangua kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu ni aluminiamu iliyopakwa kopa. Kopa halisi ya milimita za mraba 1.5 inatosha sebule ya kawaida, za nyuma zikiwa mbali au spika ni 4 ohm nenda 2.5.

Sebule ya tailsi, madirisha ya aluminiamu na ukuta mtupu itaharibu hata spika za milioni. Zulia na pazia zito kwanza.

Kama hela ingekuwa yangu na nina seti ya Sony iliyokufa mashine, ningetafuta resiva ya 230V yenye maiki, spika mbili za rafu za 6 au 8 ohm za kampuni yoyote ambayo senta yake inapatikana mjini, vikopo vya Sony vinne niviunge viwili viwili kwa nyuma, na sabufa ya Kariakoo iliyopo ndani ishike besi. Senta ibaki None mpaka mwisho wa mwezi mwingine, na ikipatikana ya familia tofauti na zile za mbele muuzaji abaki nayo.